Kozi ya maadili ndiyo kwanza imeanza, na mimi nimeshaghushi sahihi mara tatu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 33, naishi Mbagala Rangi Tatu. Mchana nauza kwenye duka la dawa, jioni nasoma stashahada ya ustawi wa jamii katika chuo kimoja hapa mjini. Nilikaa miaka kumi na mbili bila kushika daftari. Wenzangu darasani wengi wametoka shule juzi tu, wananiita "maza".

Muhula huu tumeanza kozi ya maadili. Nilipoiona kwenye ratiba nilifurahi, nikasema hii ndiyo ya kupumzikia. Maadili nimefunzwa na bibi yangu kule Kilwa, na madrasa nimesoma mpaka nikahitimu. Shangazi, wiki ya kwanza tu nilitoka darasani na machozi.

Mwalimu aliuliza kwa nini kusema uongo ni vibaya. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, nikasema kwa sababu Mungu amekataza. Akanitazama, akasema, "Sawa. Na sababu nyingine?" Nikanyamaza. Akaongeza, "Aliyekaa pembeni yako kama haamini unachoamini, utamwambia nini?" Darasa zima kicheko. Tangu siku hiyo najiuliza kama kozi hii inataka kunitoa kwenye dini yangu.

La pili ni kusoma kwenyewe. Tumepewa kurasa za wanafalsafa watatu, Aristotle, Kant na Mill, na Kiingereza chake si kile cha kwenye maboksi ya dawa nilichozoea. Ukurasa wa kwanza wa Kant nimeurudia mara nne ndani ya daladala, nimesimama, kutoka Kariakoo mpaka Mtoni kwa Azizi Ali. Sikuambulia kitu.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kuna kaka mmoja darasani, ni jirani yangu, kazi yake ulinzi wa usiku. Mwezi uliopita ada ilinipungukia, akanikopesha shilingi 150,000 wala hakunipangia tarehe ya kulipa. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo ameniomba niwe namsainia karatasi ya mahudhurio. Nimesaini mara tatu. Kozi ya maadili, Shangazi! Naandika jina lake, halafu nageuka kumsikiliza mwalimu akieleza habari za ukweli.

Sasa imekuja asaimenti ya kwanza: kurasa mbili, ueleze uamuzi mmoja ulioufanya hivi karibuni ambao huna uhakika nao, uutetee, kisha uupinge mwenyewe. Kichwani naona sahihi tu. Nikiiandika hiyo, namchoma mwenzangu na mimi mwenyewe najichoma. Kazini nako sina la kuandika, siku nzima ni watu wanaotaka nusu dozi na wanaotaka kukopa. Vijana wananiambia pale steshenari nje ya geti asaimenti zinauzwa zikiwa tayari, shilingi 10,000. Inakusanywa Jumatatu. Ninunue? Niiahirishe kozi mpaka mwakani? Nianzie wapi?

Maza wa darasa, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa machozi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilicheka kidogo, unisamehe, nilipofika pale unaposema kazini huna la kuandika. Nitaparudia.

Kwanza mwalimu wako. Sikuwepo, sijui alitumia sauti gani, na najua kicheko cha darasa kinavyouma. Mimi mwenyewe nilianza chuo nina miaka 41, nikikaa kimbweta kimoja na watoto wa rika la mwanangu. Lakini swali alilokuuliza halikuletwa ili likutoe kwenye dini. Limeulizwa ndani ya dini yako, tena na wanazuoni. Kule Basra na Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu walioitwa Muutazila walisema akili ya binadamu inaweza kutambua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla ufunuo haujamfikia. Upande wa mwanazuoni mwingine, al-Ash'ari, ukasema hapana, jema ni jema kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameliamrisha. Na huyo al-Ash'ari alikuwa Muutazila kabla hajawaacha.

Husimuliwa kwamba alimwendea mwalimu wake, al-Jubbai, na kisa cha ndugu watatu. Mmoja alikufa mtu mzima mwema, wa pili alikufa mtu mzima mwovu, wa tatu alikufa mtoto. Yule mtoto akauliza: mbona sikuachwa nikue, nami nikatenda mema nikaipata daraja ya kaka yangu? Akajibiwa kwamba ilijulikana angekua angekuwa mwovu, kwa hiyo kufa mapema kulikuwa kheri kwake. Hapo yule mwovu akapaza sauti kutoka motoni: basi mbona mimi sikufishwa nikiwa mtoto? Inasemekana mwalimu alikosa jibu.

Hao walikuwa watu wa swala tano, mwanangu, na walikuwa wakiulizana hivyo. Karne nyingi nyuma yao, kule Athens, mwanafalsafa Plato alimwandika mwalimu wake Socrates akimbana jamaa mmoja kwa swali la aina hiyohiyo: miungu wanalipenda jema kwa kuwa ni jema, au linakuwa jema kwa kuwa wanalipenda? Kwa hiyo jibu lako lina wenyewe, na ni watu wazito. Jumatatu ukitaka kumrudia mwalimu, mwambie hivyo, halafu mpe na ile sababu nyingine aliyoiomba.

Kwa sababu utaihitaji. Unasomea ustawi wa jamii. Siku moja atakaa mbele ya meza yako baba anayempiga mtoto kwa waya, na dini yake si yako. Utamwambia dini yangu inakataza? Atakwambia yangu haijanikataza. Itabidi utoe sababu ambayo hata yeye anaweza kuishika mkononi akaipima uzito. Kozi hiyo inafundisha kazi hiyo tu, na ukiijua hivyo utaacha kuiogopa. Haitakufanya mwema. Wema utaendelea kuupata ulikokuwa ukiupata.

(Nina ugomvi wangu wa siku nyingi na hili neno, acha niutoe hapa. Siku hizi mjini ukisema maadili, watu wanafikiria urefu wa sketi. Ukisikia mtu analalamikia mmomonyoko wa maadili, subiri kidogo, utasikia habari ya nguo. Neno lenyewe ni ndugu wa adili na uadilifu, mzizi wake wa Kiarabu ni haki. Anayepunguza ujazo wa kipimo sokoni amelikosea neno hilo kuliko msichana yeyote wa Mbagala.)

Kusoma nako, unaanzia pabaya. Hakuna aliyekuamuru uanze ukurasa wa kwanza. Kile kitabu chembamba cha Kant cha mwaka 1785, kwa Kiingereza huitwa Groundwork, kiruke mpaka sehemu ya pili, mahali anapotoa mifano minne. Tafuta ule wa mtu aliyebanwa na shida, anakwenda kukopa, anaahidi kurudisha, na moyoni anajua hatarudisha. Huyo tunamjua sote, yuko kwenye kila kikoba. Kant anauliza: itakuwaje kila mwenye shida akiruhusiwa kuahidi hivyo? Hakuna tena atakayeamini ahadi, na neno "nitalipa" litakuwa kelele tu. Ukiuelewa mfano huo, rudi nyuma usome maelezo. Mill, kwenye Utilitarianism, muanzie sura ya pili. Aristotle, kwenye Nicomachean Ethics, muanzie kitabu cha pili, anapoeleza kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na mtenda haki vilevile huwa hivyo kwa kutenda haki.

Tena huyo Aristotle ana la kukufariji kuhusu umaza wako. Mwanzoni kabisa anasema kijana si msikilizaji anayefaa wa somo hili, kwa kuwa hajaishi vya kutosha. Wacha wacheke.

Usome na kalamu mkononi. Kila aya ukimaliza, iandike kwa Kiswahili, sentensi moja, kama unamsimulia bibi yako. Isipoandikika, hukuielewa, irudie. Utashangaa mahali utakapokwama. Neno haki, kwa mfano, kwetu linabeba vitu viwili: stahili ya mtu, kama haki ya kupata matibabu, na ile haki tunayosema imetendeka au haikutendeka. Kiingereza kina maneno mawili hapo, right na justice. Ukichanganya, hoja nzima inapinda. Usisomee ndani ya daladala umesimama, hapo hata mimi singemwelewa Kant. Daladalani pitia hizo sentensi zako za Kiswahili.

Vijana watakuja na swali la treni: breki zimekatika, reli ya mbele kuna watu watano, ukivuta mtambo itahama kwenye reli yenye mtu mmoja, uvute usivute? Lilitokana na mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, mwaka 1967. Linasisimua, ila watu hulishabikia kama mpira, na wenye sauti kubwa ndio hushinda. Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Februari, hapa kwetu lilitangazwa Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa. Lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa na nyumba ya kupangisha. Peleka hilo darasani. Uliza: kupangisha nyumba kuna ubaya gani? Nusu ya Mbagala inaishi kwa kupangishana vyumba. Kama si vibaya kwa mama Fulani, kwa nini iwe vibaya kwa waziri? Na mtu akikwambia ni wivu tu wa kijamaa, utamjibu nini? Mzee yeyote wa mtaani kwako aliyekuwa na kadi ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, atakupa hoja za jioni nzima, ukimpelekea kahawa.

Sasa asaimenti. Umeandika kwamba siku nzima kazini ni watu wanaotaka nusu dozi, ukapita kama vile umesema mvua inanyesha. Mwanangu, wenzako wa miaka 20 wanaumiza vichwa kutafuta uamuzi wa kuandika, na wewe asaimenti imelala juu ya kaunta yako.

Chukua mteja mmoja, wa kweli. Mama amekuja na cheti cha hospitali, mtoto ameandikiwa amoksilini, na fedha aliyonayo haifiki dozi nzima. Anakwambia, "Nikatie nusu, nyingine nitakuja kesho." Wote wawili mnajua kesho hiyo. Ukamkatia. Au hukumkatia. Sijui ulifanya nini, ila najua uliamua.

Mlete Mill kwenye kaunta. Yeye anataka uhesabu raha na maumivu ya kila anayeguswa, na wewe na bosi wako mkihesabiwa kama watu wengine tu. Mtoto atapata nafuu siku mbili, mama ataacha dawa, vijidudu vilivyosalia vitakuwa vile vigumu kufa. Usugu ukianza hautabaki kwenye nyumba ile, utafika kwa mtoto wa jirani ambaye hajawahi kukanyaga dukani kwako. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili, ukimrudisha mikono mitupu, pengine anakwenda duka la tatu kutoka lako, anakatiwa nusu ileile, tena bila maelezo. Hapo hesabu inakuwa ngumu. Andika kwamba ni ngumu. Usijifanye umeimaliza.

Kant atakuuliza kanuni yako ni ipi. Kama ni "mteja akipungukiwa fedha, muuzaji hupunguza dozi", wape kanuni hiyo wauza dawa wote wa nchi nzima uone neno dozi litabaki na maana gani. Halafu atakuuliza jambo la pili, nalo ndilo linalonikaa mimi zaidi: yule mama ulimfanya chombo? Ulimkatia kimyakimya ili mauzo ya siku yafikie kiwango cha bosi, au ulimweleza ukweli wote, ukamwona kama mtu mwenye akili zake anayeamua juu ya mwanawe? Vidonge ni vilevile, idadi ileile, lakini ulichomtendea ni tofauti.

Aristotle hataangalia sana kidonge. Atakuangalia wewe. Nusu dozi ya kwanza kabisa kuikata, mkono wako ulisita, nina hakika. Ya hamsini je?

Swali hilohilo lipeleke kwenye karatasi ya mahudhurio. Sahihi ya kwanza uliandika moyo ukidunda. Ya tatu ulisaini ukiwa unatafuta kalamu nyingine kwenye pochi. Ndiyo maana nakwambia iishie kwenye tatu. Na ishara nzuri ni kwamba bado inakunyima usingizi.

Simwoni huyo kaka kuwa mtu mbaya. Mlinzi wa usiku anayejisomesha, tena akamkopesha jirani 150,000 bila masharti, ni mtu wa maana. Lakini amekukopesha fedha, na deni la fedha hulipwa kwa fedha. Sahihi hizo zinakuchanganyia mambo, unaona kama unapunguza deni wakati bado unadaiwa shilingi ileile. Mfuate kabla ya kipindi kijacho, nyumbani kwake, usimtumie meseji. Mwambie: "Kaka, deni lako nalijua, nitalipa kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, nimeanza na hiki. Kusaini siwezi tena." Uende na chochote mkononi, hata 20,000. Bila hiyo atasikia kwamba unamkimbia.

Usimwache hivihivi lakini. Mtu wa zamu ya usiku ana hoja ya haki kabisa ya kumpelekea mwalimu: abadilishiwe kundi kama lipo la mwisho wa wiki, au apewe utaratibu mwingine. Aende mwenyewe, au apitie kwa kiongozi wa darasa. Akikosa yote, bora arudie kozi kuliko wote wawili mdisko, yaani mfukuzwe chuo, kwa mwandiko mmoja kwenye majina mawili. Mwalimu atakayesahihisha karatasi zenu atauzoea mwandiko wako upesi, usimdharau.

Utaniuliza, niende nikajitoboe kwa mwalimu? Hapa ndipo nami natofautiana na wakubwa. Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akigonga mlango akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, usimdanganye. Mimi ningemdanganya yule muuaji, tena ningemwelekeza Kigamboni. Kuhusu sahihi, maoni yangu ni haya: acha, lipa, na habari ya mwenzako iachie mdomo wake. Mwalimu akikuuliza wewe, ana kwa ana, usikane. Dada mmoja tunayesaidiana kusoma barua hizi anasema nimekulegezea, kwamba ungepaswa kwenda bila kuulizwa. Ana hoja. Zipime zote mbili.

Steshenari usiende. Sitakuhubiria, umeshajua. Nakukumbusha tu kwamba desa moja huuzwa kwa watu wanne, na mwalimu anasoma zote nne usiku mmoja. Isitoshe umeombwa uamuzi ulioufanya wewe. Yule kijana wa mashine ya fotokopi hajawahi kumkatia mtu nusu dozi.

Kuahirisha kozi pia hapana. Mwakani atakuwa Kant yuleyule.

Ukurasa wa kwanza simulia na utetee, wa pili pinga kwa nguvu zote, kama vile ni hasimu wako anaandika. Wanafunzi wengi hupinga kwa upole wasije wakajiumiza, na maksi zinapotelea hapo. Na nakuomba, usimalizie na "kwa hiyo maadili ni muhimu sana katika jamii." Walimu wa Dar es Salaam wameisoma sentensi hiyo mpaka wamechoka.

Ukikwama kwenye mstari wa kwanza, anza na yule mama: ilikuwa saa ngapi, alishika shilingi ngapi, na mtoto alikuwa amembeba mgongoni au alimwacha nyumbani.